UZI: Neno "mtaji" tunalitaja kila siku hapa Mwanza, lakini tukiulizwa ni nini tunajikwaa

Mleta uzi, Kirumba

Habari za jioni wanajamvi, na shikamooni wakubwa. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani wiki nzima.

Wiki iliyopita watu wanne waliniuliza swali moja, na kila mmoja nikampa jibu lake. Swali lilikuwa: "Mtaji wako shilingi ngapi?"

Wa kwanza alikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kukopeshana. Nikamwambia milioni mbili na nusu. Wa pili ni kijana wa mikopo, wale wanaopita Mwaloni, soko letu la dagaa na samaki, na begi mgongoni wakitafuta wateja. Huyo nikamwambia milioni nne, kwa sababu najua ukitaja kikubwa unakopeshwa kikubwa. Wa tatu ni ofisa aliyekuwa ananielekeza fomu ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Nikasema laki tisa, nikihofia nikitaja zaidi ataniona sistahili.

Wa nne ni mtoto wa dada yangu. Yuko kidato cha tatu, amekuja likizo, ananisaidia kuanika na kupima. Jioni tumekaa tunachambua dagaa akaniuliza, "Mama mdogo, hivi mtaji wako ni kiasi gani?"

Nikanyamaza. Wale watatu nilikuwa na sababu ya kuwapandishia au kuwashushia. Huyu sikuwa na sababu ya kumdanganya, na hapo ndipo nilipotambua kwamba jibu la kweli silijui.

Niko kwenye dagaa tangu 2016. Nilianza na laki nane, nyingine za kuuza mbuzi na nyingine za mchezo wa kina mama. Sasa usiku ule nikamwambia yule binti achukue daftari, tukahesabu. Mkononi nina 640,000. Stoo kuna magunia ambayo nikiyauza kwa bei niliyonunulia ni kama 780,000. Wavuvi wa kambi mbili nimewatangulizia hela ya mafuta ili giza likianza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo ndizo za kuvua, waniuzie mimi, jumla 500,000. Watu tisa nawadai 1,150,000, wengine tangu mwaka jana. Halafu na mimi nadaiwa na kikundi 700,000.

Jumlisha, toa, inakuja 2,370,000. Binti akapiga mstari chini ya hesabu akaandika "Mtaji". Lakini mimi nikamwambia usiandike hivyo bado, kwa sababu kesho nikitaka kwenda Igombe kununua mzigo, siwezi kwenda na milioni mbili na ushee. Naenda na 640,000 basi. Hiyo nyingine iko wapi? Ni yangu kweli, lakini hainipeleki popote.

Kwa hiyo wanajamvi, mtaji ni nini? Ni ile laki nane ya mwanzo? Ni hii iliyo mkononi? Ni hesabu yote? Naomba tulijadili neno hili kwa uzito, kwa sababu nimeona watu wengi hapa ziwani wakifilisika huku wanasema mtaji upo.

Mchangiaji, Igoma

Dada unajipa kazi. Mtaji ni hela ya kuanzia biashara. Tangu shule ya msingi tunajua hivyo.

Mleta uzi, Kirumba

Asante kaka. Ila kama ni hela ya kuanzia, basi mtaji wangu ni laki nane hadi leo na utabaki laki nane hadi nazikwa, maana mwanzo hauji mara mbili. Hiyo mimi ningeiita kianzio. Na angalia tunavyosema wenyewe: mtaji umekua, mtaji umeyumba, mtaji umekata, mtaji umelala, nimekula mtaji, nimerudisha mtaji tu. Kitu kinachokua, kinachoyumba na kulala hakiwezi kuwa tarehe ya zamani. Ni kitu kilicho hai leo.

Hata ngeli yake nimeifikiria. Mtaji, mitaji, ngeli moja na mti, mgomba, mtama na muhogo. Inawezekana ni bahati tu ya lugha, lakini sisi watu wa huku tunasema "kukuza mtaji" kwa mdomo uleule tunaosema kukuza mgomba, na tunasema "mtaji umekatwa" kama mti.

Mchangiaji, Ukerewe

Shikamoo dada. Mimi ni mvuvi, niko kwenye dagaa na huwa naenda hadi Ukara. Nikueleze tunavyolitumia sisi kambini, pengine litakusaidia.

Mwenye boti na injini tunamwita tajiri. Ukimuuliza tajiri "una mali gani," atakutajia boti tatu, injini mbili, nyavu, nyumba Nansio. Ukimuuliza "mtaji ukoje mwezi huu," hataji boti hata moja. Atakwambia mafuta ya kiasi fulani, unga wa vijana, chaji ya taa. Zamani zilikuwa karabai na mafuta yake, sasa wengi tuna taa za betri na sola. Mtaji kwetu ni kile kinachoingia majini usiku na lazima kirudi asubuhi. Boti hairudi kama mtaji, boti ni chombo. Ndiyo maana utakuta tajiri ana boti tatu zimepaki ufukweni na anasema hana mtaji, na hasemi uongo.

Likitokea dhoruba boti ikazama tunasema amepoteza chombo. Ila usiku ukitoka na mafuta ya elfu themanini ukarudi na ndoo mbili za dagaa, hapo ndipo tunasema mtaji umezama. Chombo kizima, mtaji chini ya maji.

Mleta uzi, Kirumba

Marahaba mdogo wangu. Umenifungua macho. Maofisini wanazitofautisha, wanasema mtaji wa kudumu na mtaji wa uendeshaji au wa kuzungusha. Sisi hatuna haja ya maneno marefu, tuna chombo na tuna mtaji.

Na umenikumbusha kitu kuhusu giza na mbalamwezi ambacho wasio wa ziwani hawakijui. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanalala, mwanga wa taa haumvuti dagaa tena. Siku zile sisi wachuuzi tunakuwa na hela ndani, mzigo hakuna. Na hapo ndipo mtaji huliwa. Sijaona mtu akila mtaji wakati wa giza, hela inakuwa mbio, haina nafasi. Mbalamwezi ikifika inakaa chini ya godoro, ada inadai, msiba unadai, kodi ya nyumba inadai. Giza likirudi unajikuta na nusu. Kila mwezi mwanga wa usiku unakuja na mtihani wake, mimi nimefeli mara nyingi.

Mchangiaji, Nyegezi

Nafuatilia. Uzi mzuri.

Mchangiaji, Nyamagana

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naomba nichangie upande wa neno.

Zamani neno kubwa la biashara kwa maana hii lilikuwa rasilimali. Limetoka Kiarabu, ra's ni kichwa, mal ni mali. Kichwa cha mali, ile sehemu inayotangulia na mali nyingine ikafuata. Mfanyabiashara wa Pwani alipokuwa akisema rasilimali yake alimaanisha kile ambacho leo unaita mtaji. Taratibu neno likahama. Leo ukisikia rasilimali unafikiria madini, misitu, samaki wa ziwani, rasilimali watu. Nafasi yake kwenye duka na gengeni imechukuliwa na mtaji.

Wazungu nao walikwenda njia hiyohiyo. Neno lao la mtaji limetoka Kilatini, caput, nalo ni kichwa. Na neno la Kiingereza la ng'ombe wa kufugwa limetoka mzizi huohuo. Msukuma haoni ajabu hapo. Babu yangu alikuwa akihesabu uwezo wa mtu kwa vichwa vya ng'ombe.

Kuna jozi nyingine inayonivutia zaidi. Tajiri ni neno la Kiarabu, kwao maana yake ni mfanyabiashara tu. Bepari limetoka Kihindi na Kigujarati, nalo kwao ni mfanyabiashara tu. Maneno mawili yenye maana moja yalipofika kwetu yakaachana: mmoja akawa mtu wa kuheshimiwa mwenye mali, mwingine akawa mnyonyaji. Kiswahili kilimtazama mfanyabiashara kwa macho mawili.

Siku hizi pia mtasikia "masoko ya mitaji". Ipo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iliyotokana na sheria ya 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo 1998. Huko mtaji ni hisa na hatifungani. Ni neno lilelile limevaa suti.

Mchangiaji, Igoma

Mwalimu heshima kwako. Narudi nyuma kidogo kwenye msimamo wangu. Lakini bado naona tunachanganya mambo. Mtu akisema "mtaji wa kisiasa," "mtaji wa kura," hapo kuna hela?

Mleta uzi, Kirumba

Hakuna hela, ila kuna kitu cha kuchezea mkono unaofuata. Na mpira je? Timu ikishinda mbili bila nyumbani, mtangazaji anasema wanasafiri na mtaji wa mabao mawili. Nimelisikia hilo kwenye redio tangu nikiwa mdogo, mechi zikichezwa CCM Kirumba, nyumbani kwetu kelele za uwanja zikisikika bila redio. Mtaji wa mabao si ushindi. Ni kitu ulichonacho mkononi kabla ya marudiano, na unaweza kukipoteza chote ndani ya dakika tisini.

Hapo sasa naomba niwaletee jambo lililonifanya nifungue uzi huu, maana mabao haya yananipeleka kwenye bao lenyewe.

Karibu na stoo yetu kuna mzee mtu wa Pwani, amekaa Mwanza miaka mingi. Jioni wanacheza bao chini ya mti. Wasukuma tuna bao letu, isolo, lakini yeye hucheza bao la Kiswahili, lile la mashimo thelathini na mawili na kete 64. Nilikwenda kumsimulia habari ya yule binti na swali lake. Akacheka kwa upole akasema, "Mwanangu, mtaji ni neno la bao pia." Akanikalisha akanionyesha.

Mchezo unaanza na kete chache ubaoni. Kila mchezaji ana kete 22 mkononi, na kila zamu anaingiza moja. Hiyo ni kunamua. Wakati wote huo una akiba, ukikosea leo kesho una kete nyingine ya kuingiza. Kete za mkononi zikiisha, hatua ya pili ya mchezo inaanza, na hatua hiyo ndiyo inayoitwa mtaji. Sasa huna cha kuongeza. Unacheza na zilizopo ubaoni. Unachota kwenye shimo lako, unasambaza, ukiangukia pazuri unakula za mwenzako. Ukikosa cha kula unatakata, unazisogeza tu bila kupata kitu. Na kule kula kwenyewe kunaitwa mtaji.

Nilishika kichwa wanajamvi. Sisi tunasema mtaji ni kabla ya kuanza. Bao linasema mtaji unaanza pale mkono wako unapokuwa mtupu.

Halafu akanionyesha jambo la pili, hili ndilo lililoninyima usingizi. Kete iliyo peke yake shimoni haichezi. Ili uanze mkono lazima uchote shimo lenye kete mbili au zaidi. Mtu anaweza kuwa na kete nyingi ubaoni, lakini zikiwa moja moja kila shimo, hawezi kusogeza hata moja, na amefungwa. Hakufungwa kwa sababu hana kete. Amefungwa kwa sababu zimetawanyika.

Nikawaona wale watu wangu tisa. 1,150,000 yangu, laki hapa, elfu themanini pale, laki mbili kwa yule wa Kayenze asiyepokea simu. Kete moja moja. Kwenye daftari ni mtaji, ubaoni hazichezi.

Mchangiaji, Buhongwa

Hii ya kete nimeipenda mno. Nami nina duka la rejareja, mikopo ya majirani imenimaliza. Daftari limejaa, rafu tupu.

Mchangiaji, Kigongo

Naomba niseme langu, sijui kama litaingia kwenye mada.

Nilikuwa nauza samaki wa kukaanga na chai pale kivukoni. Miaka yote, magari yanasubiri kivuko kuvuka kwenda Busisi, abiria wanashuka wana njaa, wengine saa mbili, wengine tatu. Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita 3 za lami juu ya maji, gari linapita bila kusimama.

Siku ile hela yangu haikupungua hata shilingi. Jiko lipo, karai lipo, mafuta yapo, samaki wapo. Ukinihesabia kwa daftari la mleta uzi mtaji wangu ulikuwa uleule. Lakini ndani ya wiki mbili nilijua umekufa. Foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa mtaji wangu, na mimi nilidhani ni karai.

Silaumu daraja. Mama yangu anaishi ng'ambo, upande wa Busisi, na ni mgonjwa, zamani kumleta hospitali ya Bugando usiku ilikuwa mpaka kivuko kipatikane, sasa ni kupita tu. Nalishukuru. Nasema tu jinsi neno lilivyonigeuka.

Mchangiaji, Igoma

Pole sana mama. Ila hiyo ya foleni si mtaji, ni soko. Tusiite kila kitu mtaji. Mtu akiwa na wateja ana soko, akiwa na nguvu ana nguvu, akiwa na akili ana akili. Tukiziita zote mtaji neno litabaki halina kazi.

Mleta uzi, Kirumba

Pole mama yangu, na nakushukuru kwa kusema.

Kaka wa Igoma una hoja, na kwa kawaida ningekuunga mkono. Neno likibeba kila kitu halibebi chochote. Lakini kwenye hili nasimama na mama. Angekuwa amejua mapema kwamba anachokizungusha ni foleni, mwaka ule daraja lilipoanza kuonekana juu ya maji angeanza kutafuta pengine. Alihesabu karai kwa sababu karai linahesabika. Sisi sote tunahesabu kile kinachohesabika.

Mahali ambapo ningeukataa upanuzi huu ni kwenye ule msemo, mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Nauheshimu, wazazi wetu wameishi kwa huo. Lakini nimeona ukitumika kumnyamazisha mtu. Kijana anaomba kuaminiwa mzigo wa laki moja, anaambiwa mtaji wako nguvu zako. Nguvu hazinunui mafuta ya injini. Vijana wa boti wana nguvu kuliko sisi wote, na asubuhi wanagawana baada ya mafuta kutolewa kwanza.

Mchangiaji, Magu

Mimi ni mzee kidogo, mniruhusu. Sisi tulikuwa na usemi wetu, igembe nsabo. Jembe ni mali. Msukuma hakusema hela ni mali. Na Azimio la Arusha, 1967, lilipotaja vitu vinne tunavyovihitaji ili tuendelee, lilitaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hela haikuwemo humo, na sisi tulielewa kwa nini.

Wazazi wetu wa pamba miaka ya 50 walikuwa wakipunjwa kwenye mizani na wanunuzi. Walichoanza nacho hakikuwa fedha. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe wa kupima, waliowaamini. Kutoka hapo wakajenga vyama, na mwaka 1955 ukawepo ushirika mkubwa wa Victoria chini ya Paul Bomani, ukaja kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Ukiniuliza mtaji wa wale wazee ulikuwa nini, nitakwambia mizani isiyodanganya.

Mleta uzi, Kirumba

Shikamoo babu. Hilo la mizani ningependa kila mpimaji wa Mwaloni alisikie.

Naomba sasa niseme lile linaloniuma zaidi, ndiyo sababu hasa ya uzi. Ni neno mtaji linapoandikwa kwenye mabango na kusemwa na wale vijana wa mabegi. "Tunakupa mtaji." "Pata mtaji leo leo." Hakuna bango hata moja linaloandika "pata deni."

Mwaka 2021 msimu wa mvua mzigo wangu ulilowa. Dagaa akinyeshewa kabla hajakauka anageuka rangi, hauzwi tena kwa chakula cha watu, unamuuza kwa wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nikabaki na kidogo sana. Nikaenda kwa wakopeshaji fulani, wale ambao mtaani tunaita kausha damu. Nikaandikiwa 500,000. Nikapewa mkononi 450,000, wakasema 50,000 ni ya fomu na bima. Marejesho 55,000 kila wiki kwa wiki kumi na mbili. Piga hesabu, ni 660,000. Nimepokea 450,000, narudisha 660,000 ndani ya miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo kuna mbalamwezi tatu ambazo sivuni kitu.

Wiki ya mbalamwezi nililipa kutoka kwenye ileile niliyokopa. Nilikuwa naichukua hela yao nawarudishia wenyewe. Na muda wote huo nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwa furaha, "Nimepata mtaji." Neno lilinidanganya. Ningesema "nimepata deni" ningeshika kalamu kabla ya kushika hela.

Sisemi mtu asikope. Kikundi chetu kimenikopesha na naendelea vizuri. Nasema tuliite jambo kwa jina lake. Mkopo ni kete za mwenzako umeazimwa, unacheza nazo na unazirudisha na nyongeza. Ulizokula kwa kuzitumia hizo, zikibaki baada ya kurudisha, hizo ndizo mtaji. Na mwenye kukopesha biashara bila kupokea amana anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, daraja la pili, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Muombe akuonyeshe kabla hujaweka sahihi. Mimi sikuomba.

Mchangiaji, Mabatini

Dada, mimi nauza nyanya. Kuna jambo linahusiana. Mnakumbuka vitambulisho vya wajasiriamali vya Desemba 2018, vya 20,000? Wengi wetu tulikuwa tunasema ni vya wenye mtaji usiozidi milioni nne. Kumbe iliyotajwa ni mauzo ghafi, milioni 4 kwa mwaka.

Mleta uzi, Kirumba

Hapo umegusa penyewe, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Tuchukue muuza nyanya. Asubuhi ananunua za elfu arobaini, jioni ameuza elfu hamsini na tano. Kesho anarudi na ileile arobaini. Mtaji wake ni 40,000 tu. Akifanya kazi siku 300, mauzo yake ni 16,500,000. Elfu arobaini ikizungushwa imezaa mauzo ya milioni kumi na sita, na mtu yuleyule hana hata baiskeli. Ukiuliza mtaji unamwona maskini wa kutupwa, ukiuliza mauzo unamwona mtu mkubwa, na yeye hali yake iko katikati ya maswali hayo mawili, kwenye ile elfu kumi na tano ya siku kabla ya nauli, ushuru na kilichooza.

Kwa hiyo ukiulizwa na mtu wa kodi, msikilize kwa makini ametumia neno gani. Mtaji, mauzo na faida, kila moja lina hesabu yake, na ukijibu moja badala ya jingine utaumia wewe.

Mchangiaji, Nyegezi

Sasa mleta uzi, ile fomu ya halmashauri umeandika nini? Na binti umemjibu nini?

Mleta uzi, Kirumba

Nimerudi, samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na msiba mtaani.

Fomu ina mstari mmoja tu, "Mtaji wa biashara". Nilimrudia yule ofisa nikamwambia ile laki tisa niliyosema si kweli, na nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia niandike ninavyoona ni haki na niambatishe karatasi. Nikaandika 1,220,000, pembeni nikaandika "zinazozunguka: milioni moja laki tisa na elfu ishirini, toa deni la kikundi laki saba". Nimehesabu hela ya mkononi, mzigo wa stoo na mafuta ya wavuvi. Wale tisa sikuwaweka kabisa, nikawaandika kwenye karatasi ya pili kama wadaiwa.

Binti alikataa mwanzoni. Alisema shuleni wadaiwa ni mali ya biashara, na kweli kitabu chake kinasema hivyo. Nikampeleka kwa yule mzee wa bao akaona mwenyewe kete ya peke yake. Tulivyorudi akafungua daftari nyuma, akachora safu tatu: zilizopo, zilizo njiani, zilizosimama. Neno "mtaji" akaliandika juu ya mbili za kwanza tu.

Giza limeanza juzi. Kesho alfajiri naenda Igombe. Yule wa Kayenze amepokea simu jana usiku, ametuma laki moja kati ya mbili, na wa pili, wa Buzuruga, ameniahidi ya kwake Jumamosi.